Ssezibwa kwa miguu: mchukue kiongozi wa pale pale

Wanangu ni mapacha, Wasswa na Kato, kwa hiyo mtaani kwetu Bombo, Uganda, jina langu limeshasahaulika. Mimi ni Nnalongo tu, yaani mama wa mapacha kwa Kiganda. Mama mkwe alinisihi miaka saba niwapeleke wajukuu zake kwenye maporomoko ya Ssezibwa. Sasa nimekwenda mara mbili, na safari hizo mbili zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi.

Ya kwanza nililipia kampuni ya ziara, shilingi 150,000 kwa kichwa. Siwezi kumshauri mtu. Tuliambiwa saa moja asubuhi, gari likaja saa tatu kasoro. Tulipofika dereva akatupa dakika arobaini tupige picha. Maporomoko yenyewe si marefu, na ukiyatazama hivyo tu, utaona maji yanaruka jabali, basi, unarudi nyumbani na kinyongo cha pesa yako.

Ya pili nikaenda mwenyewe na watoto. Unapanda teksi ya barabara ya Jinja, ukishapita Mukono unamwambia kondakta akushushe njia panda ya Ssezibwa, kabla hujafika Lugazi, kisha bodaboda. Hapo mlangoni nikaomba kiongozi. Kijana aliyetupokea, aliposikia Kiswahili changu, akaacha Kiingereza papo hapo. Kiswahili chake kilikuwa na Kiganda ndani, na nilikipenda hivyo hivyo.

Hakutukimbiza kwenye maji. Alituanzishia kwenye mti uliopandwa na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akatuonyesha na ule wa Mutesa wa Pili, akawaacha wavulana waushike gome. Tukiteremka, akaanza habari ya Nakangu. Mwanamke huyo alikuwa na mimba ya mapacha, uchungu ukamshika njiani, na badala ya watoto yakatoka maji: mto Ssezibwa na ndugu yake Bwanda. Jina la Ssezibwa, alisema, linatokana na “sizibwa kkubo”, yaani sizibiwi njia. Alilisema tumesimama juu ya mwamba, povu linatupiga magotini, na Wasswa akarudia neno hilo mpaka jioni.

Kwenye ufa wa mwamba kulikuwa na mayai mawili juu ya jani la mgomba, buni kidogo na sarafu zilizoanza kupata kutu. Mimi ni Mwislamu, sikuweka kitu. Lakini nilijua kilichomleta aliyeyaweka, maana nami nimewahi kulala macho na vitoto viwili vinalia kwa zamu. Kiongozi hakunibana wala hakunifanyia mzaha. Alieleza tu kwamba huko Namukono, kwenye chanzo cha mto, kila mwaka Ssalongo mmoja, yaani baba wa mapacha, huongoza shukrani: nguo ya gome la mutuba, pombe na jogoo.

Miongoni mwa wageni wa kiongozi wetu alikuwepo dada wa Kijapani, mwalimu wa kujitolea. Alisikiliza yote, kisha akatuambia kuhusu Tono, mji wa mkoa wa Iwate kaskazini mwa Japani, ambako watu hutembea kutwa wakifuata hadithi kama hizi. Nyuma ya hekalu la Jokenji pana kidimbwi cha kijito kiitwacho Kappabuchi, makao ya kappa, kiumbe wa majini mwenye kisahani cha maji utosini. Watu humtegea matango kwa fimbo na uzi. Kando yake kuna kibanda kidogo cha ibada, na wanawake huenda kuomba maziwa ya kunyonyesha, wakiacha vijifuko vya kitambaa vilivyoshonwa mfano wa matiti. Nilimshika mkono. Nilipojifungua maziwa yangu yalikawia siku nne, na sikuwahi kumwambia mtu mzima yeyote isipokuwa mama mkwe.

Vaeni viatu vinavyoshika. Mawe karibu na maji yana ute. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, na mpeni kiongozi muda wa saa mbili nzima. Mkimharakisha mnajipunja wenyewe.

Wakati wa kurudi niliwaomba abiria radhi, teksi ikapunguza mwendo juu ya daraja la Ssezibwa. Kiongozi alikuwa ametuambia kwamba wazee walipovuka mto huu walitupa nyasi au kijiwe. Kato alikuwa amekunja nyasi zake ngumini tangu mlangoni, zimeshalegea kwa jasho. Akazirusha dirishani, na mwenzake akafuata.