FM1-43 hapa Bukavu: rangi safi, muuzaji ovyo

FM1-43 ni rangi ya maabara inayofanya utando (ngozi nyembamba) wa seli ung'ae chini ya hadubini. Msinunue. Au nunueni, lakini si kwa wakala niliyemtumia mimi.

Niliagiza FM1-43FX, ile inayobaki ndani ya seli hata baada ya kufiksi, yaani kuzigandisha seli kwa kemikali zisioze. Kilichofika ni kichupa chenye lebo ya FX iliyobandikwa juu ya lebo nyingine, barafu yake imekuwa maji ya vuguvugu, na unga mwekundu umenata ukutani kwa unyevu. Rangi hii hutunzwa kavu, gizani, kwenye konjelateri ya -20. Nilipopiga simu, jamaa alinijibu bila hata salamu: "Dokta, samaki zenu ndizo mbovu."

Samaki! Vifaranga vya tilapia vya bwawani, wazima kabisa, na seli za nywele (zile zenye vinywele vinavyohisi mwendo wa maji) kwenye mstari wao wa pembeni ubavuni ziliwaka vizuri walipokuwa hai. Taabu ilianza baada ya kufiksi kwa paraformaldehidi ya asilimia 4. Nikapitisha Triton, sabuni ya maabara, ya asilimia 0.1, mwanga wote ukatoka. FX ina amini (kikundi cha kemikali chenye nitrojeni) ambayo paraformaldehidi huifunga na protini za jirani; FM1-43 ya kawaida haina, kwa hiyo sabuni ikiyeyusha mafuta ya utando, rangi nayo inakwenda. Jaribio hilo linatosha kumuumbua mtu. Nilimweleza, akakata simu.

Hasira kando, hiyo ya kawaida ndiyo inayofaa hasa kwa samaki hai. Ndani ya maji haing'ai kitu. Ikigusa utando inawaka. Na kwenye seli ya nywele haingojei kumezwa polepole, inapenya kwenye mifereji ileile inayofunguka nywele zikisukumwa na maji. Ndiyo maana inakuonyesha seli inayofanya kazi, si seli iliyopo tu.

Miligramu 1 iyeyushwe katika mikrolita 545 za maji safi, upate mchanganyiko wa milimola 3 kwa lita. Gawa kwenye vichupa vidogo, funika kwa karatasi ya aluminiamu, gandisha. Ukitumia, mikrolita 1 kwa kila mililita 1 ya maji ya vifaranga. Watumbukize sekunde 30, basi. Suuza mara tatu. Ukiwaacha dakika nyingi, ngozi nayo inaanza kubeba rangi na picha inakuwa uchafu mtupu. Tazama kwa mwanga wa buluu, na usiache taa ikiwaka bure, rangi inafifia.

Maji nayo yana neno. Ziwa Kivu lina magnesi nyingi kuliko kalisi, na vile viuzi vya kwenye nywele za seli vinavyovuta mifereji ifunguke vinashikiliwa na kalisi. Kalisi ikiondolewa kabisa, kwa mfano kwa EGTA, kemikali inayonasa kalisi, viuzi vinakatika na rangi haiingii hata ukiongeza dozi. Tengenezeni maji yenu: NaCl milimola 5 kwa lita, KCl 0.17, CaCl2 0.33, MgSO4 0.33. Vifaranga wachache watiwe EGTA makusudi. Hao wakiwaka sawa na wenzao, mnachokiona si seli za nywele zinazofanya kazi, ni rangi iliyojipaka ovyo.

Nilitaka kutoa nyota moja. Kwa rangi yenyewe, hata ile iliyopigwa joto njiani, natoa nne, maana neuromasti, yaani vishada vya seli za nywele, zilitokea moja moja kuanzia kichwani hadi mkiani, kila moja na seli zake. Kwa wakala, sifuri. Hapana, hata sifuri ni heshima: mtu anakuuzia ya kawaida kwa bei ya FX, halafu anawatukana samaki!

Mkilazimika kupitia kwake, msilipe kabla hajabandua lebo ya juu mbele yenu mkasoma namba ya katalogi iliyo chini yake. Karatasi ya mzigo anaichapa mwenyewe.