Vifaa vya kupiga mbizi: kipi ununue kwanza, kipi uendelee kukodi

Anayeanza kupiga mbizi Nungwi, Mnemba au Mafia hana haja ya kununua vifaa vyote kwa mpigo, kwa kuwa vituo vya uzamiaji hukodisha karibu kila kitu. Mpangilio ufuatao unaanza na kile ambacho cha kukodi hakiwezi kukufaa vizuri.

Cha kwanza ni miwani ya kuzamia, kwa sababu nyuso hazifanani. Ibandike usoni bila kuvuta mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikidondoka, iache dukani hata kama ni ya bei kubwa. Wenye masharubu mazito wajue kuwa maji hupenya hapo hapo. Chagua ukingo wa silikoni na kioo kigumu cha usalama, na usidanganyike na miwani ya kuogelea, ambayo haifuniki pua na hivyo haikupi njia ya kusawazisha mgandamizo unaoongezeka kwa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo) kila mita 10. Miwani mpya huwa na utando mwembamba wa kiwandani unaosababisha ukungu. Sugua kioo kwa ndani kwa dawa ya meno, suuza, kisha urudie.

Cha pili, ingawa wengi hukiweka mwisho kwa sababu ya bei, ni kompyuta ya kuzamia inayovaliwa kama saa. Hufuatilia kina na muda, na kukadiria naitrojeni iliyoingia mwilini, kwa hiyo wawili hawawezi kutumia moja, na ile uliyokodi mchana haijui lolote kuhusu mbizi yako ya asubuhi. Ya bei nafuu yenye maandishi makubwa na betri unayoweza kubadilisha mwenyewe inatosha kabisa. Itakusaidia pia kuhesabu muda wa kupumzika kabla ya kupanda ndege, ambao baada ya mbizi kadhaa hushauriwa usipungue saa 18.

Cha tatu ni suti. Kwa maji ya pwani yetu unene wa milimita 3 huwatosha wengi, ila wakati wa kusi anayehisi baridi haraka atahitaji zaidi. Mapezi yanafuata, anayeshukia majini kutoka kwenye boti atatosheka na yale ya kuvaa peku, lakini anayetembea juu ya mawe maji yakiwa yamekupwa anahitaji ya mkanda na viatu vyake.

Regulata, yaani kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, na jaketi la kuelea, linalojazwa au kupunguzwa hewa ili kudhibiti kuelea, vinamfaa anayezamia mara kwa mara tu. Regulata huhitaji kufanyiwa matengenezo kila mwaka au kwa ratiba ya mtengenezaji, kwa hiyo uliza fundi yuko wapi kabla ya kuuliza bei, na usinunue iliyotumika isiyo na kumbukumbu za matengenezo. Mtungi usinunue kabisa: ni mzito, unahitaji kupimwa kwa vipindi maalumu, na kituo kinao tayari.

Unapokodi regulata, ipime kabla ya kuondoka ufukweni. Ifunge kwenye mtungi, fungua valvu ya mtungi, hakikisha kipimo kinaonyesha karibu bar 200, kisha pumua mara kadhaa huku ukiangalia mshale. Ukicheza kila unapovuta hewa, valvu haijafunguka sawasawa. Mwite mkufunzi aikague kabla hujaingia majini.