Programu ya bure ya kuandika madeni: nyota nne nazifuta

Sitaki kuisingizia. Kwa kazi ya daftari la madeni, hii programu ni nzuri kweli. Ninauza omena soko la Kibuye, Kisumu, wateja wangu wengi hulipa mwisho wa mwezi, na yenyewe hunikumbusha nani amechukua gorogoro (kopo la kupimia) ngapi na amebakisha kiasi gani. Bila senti. Niliipa nyota nne.

Majuzi mama mmoja wa Nyalenda, mteja wangu wa miaka mingi, alikuja mezani na simu mkononi, uso ameukunja. "Dada, siku hizi unatafutia watu wa mikopo wateja?" Akanionyesha meseji: jina langu kamili, na kwamba mimi "rafiki yake" ninamshauri akope kwa hao jamaa. Kufika saa sita wengine walikuwa wananipigia na swali lilo hilo. Hata mama mkwe kule Bondo! Sijawahi kumkopesha hata omena moja. Namba yake ilikuwa tu kwenye simu yangu.

Nikapigia huduma kwa wateja ya hiyo programu. Kijana hakunipa nafasi ya kumaliza. "Mama, ulibonyeza kukubali. Hii kitu ni ya bure, ulidhani sisi tunakula wapi?" Akakata simu. Ulidhani tunakula wapi! Maneno hayo yamenikaa kifuani hadi leo.

Na huko kukubali ni kupi? Ukiinyima ruhusa ya kusoma namba zako, haifunguki kabisa. Kuhesabu gorogoro kunahitaji namba ya mama mkwe kwa nini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka mtu akubali kwa hiari, na ajue data yake inakwenda kufanya nini. Mimi nilikubali kutunziwa madeni. Wateja wangu je, nani aliwauliza?

Binti yangu anasema za bure zote ziko hivyo, nizoee. Sizoei. Wangeniambia bei, hata mia mbili kwa mwezi ningelipa.

Bado naifungua, kwa sababu sijamaliza kunakili madeni kwenye karatasi. Nikimaliza naitoa, na zile nyota nne nazifuta leo. Malalamiko nimepeleka kwa Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, lakini hizo si shida yangu. Nataka namba zote walizochota zifutwe, na yule mama wa Nyalenda aombwe radhi. Tangu siku ile ananunua meza ya jirani.