Uvumbuzi kwanza au shida kwanza? Timu za wanafunzi Lamu

Timu ya wanafunzi inayotafutia uvumbuzi wa chuo kikuu kazi mtaani ina njia mbili.

Ya kwanza ni kuushika uvumbuzi na kuuliza nani anauhitaji. Chukua ule unga wenye vitundu vidogo mno wa Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mmoja wa washindi watatu wa Nobel ya Kemia 2025. Hunasa mvuke hewani, na ukipashwa joto hutoa maji. Mji wa Lamu una maji ya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kwa hiyo si pa kuanzia. Nendeni vijiji vya Lamu Mashariki vinavyotegemea majabia, yaani matangi ya kukusanyia maji ya mvua. Na huenda mhitaji akawa zahanati, au wavuvi walioko dago (kambi ya muda ya uvuvi), watu ambao mvumbuzi hakuwawazia kabisa.

Ya pili huanza na shida: samaki wanaoza kwa kukosa barafu. Wenyeji watawaamini upesi zaidi, ila maabara yenu huenda haina jibu, na muhula ukaisha.

Kwa muhula mmoja nachagua ya kwanza, mradi wanafunzi wawe tayari kumrudia mvumbuzi na kumwambia waziwazi kwamba hapa haufai.