Pampu ya mafuta ya HiAce ya zamani: ipulize kwanza, ndipo utoe hela

Karibuni tena, wadau wa kusini. Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, na nyie wa Tunduru mnaosema siwatajagi, leo nimewataja. Nina pampu mbili mezani, zote za HiAce ya 1RZ-E, na moja imenikera kiasi kwamba nimeona nirekodi leo leo.

Mambo ya volti 12 na rangi za waya mnayajua, nayaruka. Ila wenye kabureta, msikimbilie kununua hizi. Angalieni jina la injini: 1RZ bila E ni kabureta, 1RZ-E ni ya injekta. Kabureta inataka presha ya psi 3 hadi 5 tu. Hii ya ndani ya tangi inakwenda karibu psi 40. Ukiifunga kwenye kabureta bila kitu cha kupunguza presha, mafuta yatamwagika juu ya injini ya moto. Huko ni kuunguza gari na watu.

Haya, kamera isogee hapa. Hapa, kwenye mdomo wa kutolea mafuta. Ndani kabisa kuna kitu kidogo kama punje, kinasukumwa na springi. Hiyo ni valvu ya kuzuia mafuta yasirudi kwenye tangi ukishazima gari, na mimi ndiyo naipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye pampu nzima. Valvu ikiwa nzima, presha inabaki kwenye bomba usiku kucha, asubuhi ukigusa stata tu gari imewaka. Ikivuja, bomba linakuwa tupu, unapiga stata mpaka betri inachoka. Na kwa joto letu, umesimama Mnazi Mmoja saa saba mchana kusubiri abiria, petroli iliyokosa presha inageuka mvuke kwenye bomba. Gari iliyokuja yenyewe sasa haiwaki, na abiria wameshalipa nauli.

Sasa tazameni. Hii ya kwanza ni Denso halisi, mpya, kavu. Nafuta mdomo, navika kampira haka kasafi, napuliza. Mashavu yamejaa, mmeona? Hewa haipiti. Nanyonya: inafunguka, hewa inakuja. Inaruhusu njia moja tu, ndivyo inavyotakiwa.

Hii ya pili, ya boksi linalong'aa, hadi stika ya kukwangua wameweka. Napuliza... mmesikia? Fyuuu. Weka kidole kule chini inakonyonyea, unasikia upepo. Labda imekwama, ngoja niigongegonge kidogo. Napuliza tena. Inapita vilevile! Mpya hii, haijaonja petroli, na muuzaji anakuapia ni orijino. Ipimeni na uzito: hii ya boksi zuri nyepesi, ukiitikisa kuna kitu kinacheza ndani.

Narudia kwa waliochelewa: nendeni dukani na kampira kenu. Muuzaji akikataa usipulize, mrudishie boksi lake.

Bei, maana najua ndicho mnachosubiri. Hii mbovu wameniuzia 55,000, Denso 160,000. Wengi mtasema bora mtumba wa Japani, na mimi siku zote nimewaambia mtumba ni sawa. Leo nalegea kidogo. Mtumba wenye valvu nzima naupenda kuliko mpya feki, hapo sibadiliki. Lakini pampu iliyokaa kavu kwenye rafu muda mrefu inaweza kushika kutu ndani, na kuishusha tangi la gari kama hii yangu mara mbili si kazi ndogo. Kama hela ipo, chukua mpya halisi.

Kabla hata ya kununua, pima umeme. Watu wa Mikindani na Shangani, chumvi ya bahari inakula ethi zenu, zile waya za hasi zinazofungwa kwenye bodi. Ethi ikishika kutu pampu inapata umeme pungufu, gari inakosa nguvu ukipanda Newala, fundi anasema pampu imekufa. Kwenye Toyota nyingi za zama zile kuna kiboksi cha kupimia chenye matundu ya FP na +B. Washa swichi bila kupiga stata, unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya, tega sikio kwenye tangi. Ikiunguruma vizuri, tafuta tatizo kwenye relei kwanza, ile swichi inayoipa pampu umeme.

Tangazo dogo: Jumamosi hakuna laivu, tunahama fremu. Jumatano ijayo tunafungua gia boksi ya Noah.

Na hii ndiyo soksi, chujio la pale pampu inaponyonyea, niliyoitoa kwenye gari hii. Ilikuwa nyeupe. Mnaona mchanga huu, na utelezi huu mweusi? Ndiyo petroli ya chupa ya njiani. Usifunge pampu mpya na soksi kuukuu, na tangi lisafishwe kabisa. Mpira wa ndani ya tangi nao uwe wa kuzamishwa kwenye mafuta. Mpira wa kawaida umetengenezwa kwa petroli ipite ndani yake tu. Ukiuzamisha unavimba, unalegea, presha inavujia humo humo tangini bila tone kuonekana chini.

Kuna ndugu kauliza kama akifunga gesi kwenye gari atasahau habari za pampu. Gesi ni yetu, inatoka Mnazi Bay, bomba linaipeleka Dar tangu 2015, na mimi naipenda. Lakini gari nyingi za kufungiwa gesi bado zinawakia petroli kwanza, na pampu isipokatiwa umeme inaendelea kuzunguka. Pampu hii inapozwa na petroli inayopita ndani yake. Ukiacha tangi liwe kavu kwa sababu unatembelea gesi, unaiunguza. Hata asiye na gesi, asizoee kutembea na taa ya mafuta imewaka.

Sasa tunafunga. Hasi ya betri imeshatolewa, hakuna sigara, hakuna taa ya balbu karibu na tangi, milango yote wazi. Dogo, nipe hiyo klampu mpya, ile ya zamani usiirudishe.