Miezi Minane na Kadi ya Gigabiti 10: Uzoefu Wangu wa Draiva na Kumbukumbu

Kwa miezi minane nimetumia kadi ya mtandao ya gigabiti 10 kwenye seva inayohifadhi video za ofisi yetu ndogo ya uhariri hapa Dar es Salaam. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa shilingi 120,000. Jina la mtengenezaji naliacha, kwa kuwa kilichonisumbua na kunifunza ni namna draiva yake, yaani programu inayoiendesha, inavyoomba kumbukumbu (RAM), na jambo hilo mnunuzi halioni kwenye boksi wala kwenye tangazo.

Nianze na ulinganifu wa vifaa. Kadi hii ni ya PCIe (mfumo wa kuunganisha kadi na ubao mama) ya kizazi cha pili yenye njia nane, na kila njia hupitisha megabaiti 500 hivi kwa sekunde kila upande. Sloti iliyokuwa wazi kwenye seva yangu ni ndefu, ina umbo la njia kumi na sita, lakini ndani yake zimeunganishwa njia nne tu. Nililigundua hilo kwa amri ya lspci, inayoonyesha njia ambazo kadi inaziweza na zile ilizozipata kweli. Kwa kuwa natumia tundu moja la mtandao kati ya mawili, njia nne zinanitosha, ila anayekusudia kuyajaza matundu yote mawili kwa wakati mmoja hatafika. Draiva pia ilizikataa moduli zangu za nyuzi za macho, kwa sababu husoma msimbo wa mtengenezaji uliohifadhiwa ndani ya moduli na kufunga tundu isipoutambua. Nilinunua kebo ya shaba ya mita tatu, ikakubalika mara moja.

Baada ya hapo kasi ilikuwa ya kuridhisha sana. Kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, nilipata gigabiti 9.4 kwa sekunde nikiwa na MTU (kiasi cha juu cha baiti za data katika fremu moja, yaani pakiti moja ya mtandao) ya kawaida ya 1500, na 9.9 nilipoipandisha hadi 9000 kwenye seva, kwenye swichi na kwenye kompyuta za wahariri. Mzigo wa prosesa nao ulishuka, nikaiacha kwenye 9000.

Siku ya kumi na moja wahariri wakaanza kulalamika kwamba video zinaganda kwa sekunde kadhaa kisha zinaendelea. Rekodi za matukio za kerneli, yaani kiini cha Linux, zilijaa ujumbe kwamba ombi la kumbukumbu la daraja la 2 limeshindikana, ingawa seva ina gigabaiti 32 na sehemu kubwa ilikuwa imeshikiliwa na akiba ya mafaili tu, ambayo Linux huweza kuiachia wakati wowote. Mwanzoni sikuelewa kabisa: kumbukumbu ipo, na bado draiva inanyimwa.

Nilielewa nilipopiga hesabu. Kerneli hugawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 4. Fremu ya baiti 1500 inaenea katika nusu ya ukurasa, lakini fremu ya baiti 9000 inapita kilobaiti 8, na kwa kuwa maombi ya aina hii hupanda kwa kuzidisha mara mbili, draiva inayotaka fremu nzima ikae mahali pamoja hulazimika kuomba kilobaiti 16, yaani kurasa nne zinazofuatana bila pengo; hilo ndilo ombi la daraja la 2. Foleni ya kupokelea fremu yenye nafasi 512 inahitaji megabaiti 8 za vipande vya namna hiyo, na foleni nane zinahitaji megabaiti 64. Seva ikiwa imetoka kuwashwa, vipande hivyo ni vingi. Baada ya siku kumi za kusoma na kuandika mafaili makubwa, kurasa huru zimetawanyika mojamoja, kama faili la buddyinfo, linaloorodhesha vipande huru vya kumbukumbu, lilivyonionyesha wazi. Ubaya zaidi ni kwamba draiva hujaza foleni yake ikiwa katikati ya kupokea pakiti, mahali ambapo hairuhusiwi kusubiri kerneli ipange upya kurasa. Ikikosa, pakiti inatupwa.

Niliongeza thamani ya min_free_kbytes, yaani kiasi cha kumbukumbu ambacho kerneli hukiacha huru, na hitilafu zikapungua bila kwisha. Siku moja nilizima tundu na kuliwasha tena, likagoma kuwaka kwa sababu draiva ilikuwa inaomba foleni zote upya kwa mara moja. Likakubali tu baada ya kuiamuru kerneli ikusanye kurasa kupitia compact_memory. Katika seva inayotegemewa na watu kumaliza kazi ya wateja, sikubali kuishi hivyo.

Niliazima kadi nyingine ya kasi ileile. Draiva yake huigawa fremu kubwa katika kurasa mojamoja na kuzitumia tena kurasa zilezile kupitia page_pool, utaratibu ulioingia katika kerneli ya Linux toleo la 4.18 mwaka 2018. Kutumia tena kuna faida mbili: draiva haiendi kwa kerneli kuomba ukurasa kwa kila pakiti, na hata kwa MTU ya 1500 mstari wa gigabiti 10 ukijaa hubeba fremu zaidi ya laki nane kwa sekunde; tena ukurasa hubaki umesajiliwa kwenye IOMMU, kifaa kinachosimamia sehemu za kumbukumbu ambazo kadi inaruhusiwa kufikia, na kuusajili na kuuondoa kila mara kunagharimu. Niliiacha na MTU ya 9000 kwa wiki sita bila ujumbe hata mmoja wa kunyimwa kumbukumbu, kisha nikainunua.

Kadi ya kwanza sikuitupa. Iko kwenye seva ya nakala rudufu kwa MTU ya 1500, inatoa gigabiti 9.4 zilezile, na tangu niihamishie huko haijaangusha pakiti. Kwa matumizi hayo naipendekeza bila wasiwasi, mradi ujaribu moduli zako kabla ya kulipa. Kwa fremu kubwa kwenye seva inayokaa wiki nyingi bila kuzimwa, sitaiweka tena.