Kioo changu kilitangazwa kimekufa, kumbe kilikuwa kizima

Nianze na maksi kabisa: fundi wa kwanza hapati kitu, wa pili nampa nne kati ya tano.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama mzaha. Nikifungua kompyuta yangu mpakato, kioo kinawaka vizuri. Nikisukuma mfuniko nyuma kidogo, kinapepesa mara mbili tatu, kinajaa mistari ya kijani na zambarau, kisha giza. Nikiuvuta mbele, picha inarudi. Wiki mbili baadaye nilikuwa nafanya kazi shingo imepinda, mfuniko umeegemea pembe moja tu inayokubali, na ole wake atakayeigusa meza.

Fundi wa kwanza hakuuliza tatizo linatokea wakati gani. Aliwasha, akaiona ile mistari, akatoa hukumu: "Kioo kimekufa, tubadilishe." Nikakubali, maana hata mimi niliamini picha ikiharibika basi mbovu ni kioo. Kikafungwa kipya. Siku tatu raha mustarehe, ya nne mistari ileile. Nilipomrudia akasema hicho nacho kitakuwa kimetoka kiwandani kibovu, nilipie kingine. Bahati yangu nilishadai kile cha zamani nikapewa, kimeviringishwa kwenye gazeti.

Fundi wa pili hakugusa bisibisi kwa dakika kama ishirini, na dakika hizo ndizo ninazozisifia hapa. Alichomeka waya wa HDMI kwenye skrini nyingine: picha safi, hata nilipouchezesha mfuniko. Maana yake kadi ya michoro, inayotengeneza picha, haina shida, na bodi kuu nayo yaelekea ni nzima. Akazima, akawasha upya na kuingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe, kabla Windows haijaamka. Mistari ikatokea humo humo, basi programu nazo zikaondolewa lawama. Kisha akaniambia, "Dada, mistari ikija, piga picha ya skrini kwa kibodi, ujitumie kwenye simu." Nikafanya hivyo. Kwenye simu picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi. "Umeona? Kompyuta inachora sawasawa, inaharibikia njiani."

Kioo kilipoingia giza tena akakimulika kwa tochi ya simu, kwa mshazari. Nikaziona aikoni zangu kwa mbali, hafifu, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni. Picha ilikuwepo, iliyokosa umeme ni taa ya nyuma ya kioo. Na umeme wa taa hiyo hupita kwenye waya uleule unaobeba picha, ule unaopenya kwenye bawaba. Ndiyo maana pembe ya mfuniko ilikuwa inaamua kila kitu.

Hapo ndipo akafungua. Alichomoa chaji, akatoa kava la chini, na kabla ya chochote akaitenganisha betri. Akaeleza kwamba ukichomoa waya wa kioo umeme ukiwa bado umo, unaweza kuunguza fyuzi ndogo kwenye bodi, na hapo hata kioo kipya hakitawaka. Yule wa kwanza alibadilisha changu taa ya chaji ikiwaka. Nilikuwepo, nikitazama, nikidhani ndio uhodari.

Kwenye bawaba ya kushoto waya ulikuwa umetoka kwenye mfereji wake na kubanwa. Alinipa kioo cha kukuzia nikatazama: ngozi ya plastiki imechubuka, shaba imetokeza, nyembamba kama unywele. Zile siku tatu za raha zilitokana na waya kutikiswa tu wakati wa kubadilisha kioo. Nyuzi zilizokatika zikagusana kidogo, zikaachana tena.

Waya mpya uliagizwa kwa namba iliyo kwenye lebo ya ule wa zamani. Si kwa jina la kompyuta, maana mashine za jina hilohilo nyingine zina waya wa pini 40 kwa ajili ya kioo cha kugusa, na yangu ni 30.

Ulipofika, akaniuliza kile kioo cha kwanza kiko wapi. Tukakitoa kwenye gazeti, akakichomeka. Kikawaka! Akakigeuza kile cha pili mgongo, akasoma stika: nukta 1366 kwa 768, paneli ya TN, aina ya bei nafuu. Changu ni 1920 kwa 1080, IPS, aina yenye rangi bora zaidi. Yaani nililipia kioo duni kuliko nilichokuwa nacho. Herufi zilipoonekana kubwa zile siku tatu, kumbe ni kwa nukta kuwa chache, nilidhani macho yangu yamepata nafuu.

Maksi moja niliyomkata huyu wa pili: aliahidi kupiga simu waya ukifika, hakupiga, nikamsumbua mwenyewe mara tatu. Fremu nayo imeacha mwanya kwenye kona ya chini. Na bawaba iliyokuwa ngumu, chanzo cha yote, aliilegeza baada ya mimi kuuliza, wakati angeianza yeye. Analipisha uchunguzi hata usipotengeneza kwake. Wengine wanalalamikia hilo, mimi nalipa bila kinyongo.

Huu ni mwezi wa tano tangu atengeneze. Nafungua mfuniko hadi mwisho, narudisha, hakuna kupepesa. Kile kioo kingine kipo uvunguni mwa kitanda, ndani ya gazeti lilelile.